Karatasi ya Alhamisi

Mwongeli mwanangu, nimeona ile daftari yako.

Sikuwa nakupekua. Nilikuwa natafuta chaja kwa mkoba wako, mkono ukaishika. Nilidhani ni ya kanisa, nikaifungua. Ukurasa wa kwanza umeandika "Jonah wa Tawa", na umepiga mistari mitatu chini ya jina mpaka karatasi imetoboka. Halafu hapo chini umeandika tangazo lote la kifo chake, na mtu hajakufa, amelazwa tu hospitalini. Mahali pa familia umeandika: "Marehemu hakuwa ameoa. Hakuacha mtoto."

Nilikaa chini kwa kitanda chako. Hayo maneno nayajua. Si yako, mwanangu. Ni ya Kavata, Mama Kitheka, na yeye pia hakuyatunga, aliandikiwa. Yametembea miaka thelathini na sita kutoka kwa mtu mmoja hadi mwingine kama upele, na sasa yamefika kwa mkoba wa mtoto wangu.

Nimejaribu tuongee. Unaniambia, "Mwaitu, mama, niko bize, naingia hewani." Sawa. Mimi niliishia darasa la nane, lakini mwandiko wangu unaujua, umeusoma kwa maikrofoni kila siku saa saba. Basi soma na huu. Soma mpaka chini kabisa. Utaona kwa nini nasema chini kabisa.

Wewe ulimkuta Kavata akiwa mwenye Redio Kithima, bosi wa magari mawili. Sisi tulimjua akiwa sauti. Nilikuwa msichana wa kuteka maji wakati alianza kusoma matangazo ya vifo kwa Kikamba kutoka stesheni ya Nairobi. Hatukuwa tumesikia mwanamke kwa hiyo kazi. Wanaume waliokuwa wakisoma walikuwa wanataja kifo kama bei ya mahindi. Kavata akianza, mama yangu anaepua sufuria isipige kelele, na baba anasema, "Nyamazeni, Kavata anaita watu." Ukitajwa na Kavata ulikuwa umekufa vizuri.

Bwana yake alikuwa Nyamai, mtu wa Tawa, mwenye duka Emali karibu na reli. Alipeleka mbuzi wa ntheo kwa kina Kavata, wakapokelewa, wazee wakala. Na kwetu Ukambani ukishapeleka ntheo, huyo ni mke wako, hata kama hakuna pete wala picha ya kanisa. Walikuwa na mtoto, Kitheka, wa miaka miwili.

Haya mengine aliniambia Kavata mwenyewe, mara moja tu, siku ile aliniandika kazi. Sikuwahi kumsikia akiyarudia.

Siku hiyo ya mwaka wa themanini na tisa aliingia hewani kama kawaida. Karatasi zilikuwa zinaletwa mkupuo mmoja wakati taarifa ya habari inaisha, unasoma ukiziona kwa mara ya kwanza. Akasoma ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya nne ilianza na jina la Nyamai.

"Niliona jina," aliniambia, "nikafikiri ni Nyamai mwingine. Majina yamejaa. Nikaendelea. Mwana wa fulani, wa Tawa, mfanyabiashara wa Emali, lori lilimgonga. Nikaendelea. Ndugu yake ni Jonah. Nikaendelea. Halafu ikasema: marehemu hakuwa ameoa, hakuacha mtoto."

"Ukafanya nini, Mama Kitheka?"

"Nikasoma. Nilikuwa hewani, ningefanya nini? Nikasoma siku ya mazishi, nikasoma mahali. Halafu nikatazama saa ya ukutani nikawaambia watu saa. Saa saba na dakika kumi na mbili."

Ebu fikiria. Mtu anajitangazia yeye mwenyewe kwamba bwana yake amekufa, na anawaambia Wakamba wote kwamba yeye si mke na mtoto aliye nyumbani hayuko. Na sauti haikutetemeka. Watu walisema siku hiyo Kavata alisoma vizuri sana.

Jonah ndiye aliandika ile karatasi. Alijua nani atasoma. Kavata alipofika Tawa na mtoto mgongoni, alikuta lango limefungwa kwa waya, na Jonah amesimama ndani amevaa kofia ya marehemu. Akamwambia, "Dada, umekosea nyumba. Redio imesema ndugu yangu hakuwa na mke. Ama wewe husikilizi redio?" Watu wakacheka. Kwa matanga, watu wakacheka. Duka la Emali Jonah akachukua, na Kitheka akakua akiitwa mtoto wa hewani.

Kutoka siku hiyo Kavata alikuwa na kazi moja. Hizi zingine zote ulizosikia akisifiwa, mwanamke wa kwanza, mama wa redio za Ukambani, zawadi za ukutani zile, zilikuwa njia tu ya kufikia hiyo kazi. Aliniambia: "Kila mtu siku moja hutafuta mahali pa kutangaza mtu wake. Nikasema, mimi nitakuwa hapo mahali. Jonah ataniletea karatasi."

Alingoja leseni miaka. Alipoipata, mlingoti ulipandishwa kilimani vipande vipande, punda wakibeba simiti na yeye akitembea nyuma yao na viatu mkononi. Wanaume wa mitambo walikuwa wakimcheka, "Mama, utaongea na nani huku juu, na nyani?" Siku ya kufungua redio, mwaka wa elfu mbili na tisa, viongozi walikuwa wamekaa kwa hema wakingoja hotuba. Kavata alishika maikrofoni akasema tu, "Saa saba na dakika kumi na mbili." Akanyamaza. Watu wakapiga makofi, wakadhani ni mtindo. Mimi nilikuja kuelewa baadaye.

Mimi alinichukua miaka miwili baada ya kufungua. Unakumbuka, baba yako alikuwa ametuacha na nilikuwa nauza ndengu sokoni. Aliona mwandiko wangu kwa kibao cha bei. Akasema, "Wewe njoo ukae kwa meza ya matangazo." Kazi unaijua: mtu analeta karatasi yake ya machozi, imekunjwa, imeandikwa kwa goti. Mimi nainakili kwa fomu yetu kwa herufi kubwa safi ili msomaji asikwame. Ile ya mtu naipiga muhuri naiweka kwa faili.

Siku hiyo ya kwanza akaniambia: "Andika chochote, pokea yeyote. Lakini Jonah wa Tawa akija, karatasi yake haiendi studio. Inakuja kwangu."

Miaka kumi na moja. Kila Januari ananiuliza, "Hajafiwa?" Namwambia bado. Anasema, "Mungu anamtunza vizuri. Anamnonesha."

Nitakuambia ukweli kwa sababu huu ni wakati wa ukweli: na mimi nilikuwa nangoja. Ukikaa karibu na mtu mwenye kiu unaanza kuhisi kiu. Baba yako alikuwa ametutenda, na kwa kuwa yeye sikuweza kumpata, nilimweka Jonah mahali pake. Nilikuwa napiga picha kichwani vile atakuja ameinama. Ilikuwa tamu.

Akaja mwaka wa elfu mbili ishirini na mbili, Jumatatu saa nne asubuhi.

Nilikuwa nangojea jitu. Nikaona mzee mwembamba, koti limemzidi, kofia ameshika kwa mkono. Alitoka Tawa mpaka Kitui yeye mwenyewe, kwa sababu huko kwao nyuma ya kilima redio yetu inakwaruza tu, na watu wa bibi yake wako juu Mbooni, ambako inasikika kama iko ndani ya nyumba. Bibi yake Kalunde alikuwa amekufa.

"Mama, hujambo," akasema. "Nimeleta tangazo. Na nilikuwa naomba umwambie mwenye redio kwamba shemeji yake yuko hapa."

Shemeji! Nikachukua karatasi, nikaisoma yote hapo mbele yake kama ninavyosomaga, nikaingia kwa Kavata.

"Amekuja," nikasema. Sikutaja nani.

Aliweka kikombe chini polepole. Akaenda kwa kile kioo cha ukutani kinachoangalia meza yangu, akasogeza pazia kidole kimoja.

"Amezeeka," akasema. "Vizuri. Amekaa ama amesimama?"

"Amesimama."

"Usimpe kiti. Ni nani amekufa?"

"Bibi yake. Kalunde."

Alicheka kidogo, kwa pua. "Na watu wa Kalunde ni wa Mbooni. Kiburi kama hicho sijaona mahali pengine. Haya nisomee. Mimi mwandiko wa huyo mtu sitashika tena na mikono yangu."

Nikaanza kusoma. Kalunde, mke wa Jonah, wa Tawa. Mama wa fulani na fulani. Mazishi ni Alhamisi saa nne asubuhi, kwa sababu kuanzia Ijumaa kanisa lao lina mkutano mkubwa wa injili Wote na wachungaji hawatakuwepo.

"Simama hapo," akasema. "Andika Jumamosi."

Sikuelewa.

"Andika Jumamosi, Mama Mwongeli. Watu wetu wamezoea kuzika Jumamosi, hakuna atakayeuliza. Alhamisi Jonah atakaa kwa kaburi akiangalia barabara, aone hakuna mtu wa Mbooni anakuja kumwona binti yao. Atajua vile barabara inakaa ikiwa tupu. Halafu Jumamosi watafika wote, wapate udongo. Huyo mtu hatalala tena na amani na wakwe mpaka afe. Alinifungia lango na redio. Na mimi namfungia na redio."

Unajua desturi yetu. Mwanamke hazikwi kabla watu wa kwao hawajamwona uso. Hata kama mmegombana, hata kama ni usiku wa mvua, mnangoja. Kuwazikia binti bila wao ni kuwaambia mlimnunua kama ng'ombe. Kavata alijua hivyo. Alikuwa amechagua hapo mahali kama mtu anayechagua mshipa wa kuku.

Sasa sikiliza, hapa ndipo nataka usikilize. Ile karatasi haikuwa imeisha. Nilikuwa nimeisoma yote nje, na nilijua kilicho chini. Nikafungua mdomo niseme, "Mama Kitheka, kuna mstari mwingine."

Na yeye bila kunitazama akasema, "Leo saa saba ni Mwongeli anasoma, si ndiyo? Mwezi wake wa kwanza. Ana sauti nzuri yule mtoto. Nataka nimweke hapo kabisa."

Nikafunga mdomo.

Hivyo ndivyo ilikuwa, mwanangu. Hakunitisha. Alikutaja tu. Nilitoka, nikamwambia mzee tangazo lake limepokelewa. Akauliza kama shemeji yake atatoka. Nikasema hayuko. Alitazama pazia la kioo, lilikuwa bado linatingika. Akasema, "Basi mwambie kwamba kabla afe, Kalunde aliniomba nije kwake." Akavaa kofia akaenda. Mimi nikakaa kwa meza yangu, nikaandika JUMAMOSI kwa herufi kubwa safi.

Na ule mstari wa chini nikauandika vile ulivyokuwa. Sijui kwa nini. Labda nilitaka mtu aukute.

Saa saba ukasoma. Kavata alikuwa ofisini na redio yake ndogo, amevua viatu, anakunywa chai kama mtu yuko harusi. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Ukasoma vizuri. Ukasema Jumamosi, akafumba macho akatikisa kichwa. Ukasoma watoto, ukasoma wajukuu. Halafu ukasoma: "Marehemu pia alikuwa shemeji wa marehemu Nyamai. Mjane wa Nyamai ni Kavata, na mwana wao ni Kitheka, na wote wawili wanaombwa kufika nyumbani kwao Tawa."

Kikombe hakikuanguka. Watu hufikiri kikombe lazima kianguke. Alikishika tu, hakukinywa na hakukiweka chini.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilitaka kukuambia."

"Ulijua."

"Mama Kitheka, kuna tangazo la saa moja jioni. Niache nirekebishe. Tutasema ilikuwa makosa ya uandishi, ni Alhamisi. Hakuna aliyeumia bado. Na jina lako limesomwa. Si hilo ndilo ulitaka?"

Nilimwona akipigana. Nilimwona, na ndiyo maana nakuambia, kuna dakika mtu bado anaweza kugeuka. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa msichana. Halafu ukakaza tena.

"Miaka thelathini na tatu," akasema. "Halafu ananipa mstari mmoja, chini kabisa, baada ya wajukuu. Na ananipa kwa sababu nina redio. Ningekuwa nauza ndengu angeniandika? Wacha ilivyo."

Jioni ukasoma tena Jumamosi.

Kilichotokea Tawa aliniambia Kitheka. Alhamisi mzee Jonah alikataa jeneza lishuke. Saa nne ikafika, saa sita, saa nane. Simu za Mbooni hazishiki, na ile moja iliyoshika, mtu alisema, "Tunakuja, tuko njiani kujitayarisha," wakasikizana vibaya. Mchungaji alikuwa na safari. Wakazika saa tisa na watu wachache wa kanisa. Jonah alishikwa mikono na wanawake akiwa bado anatazama barabara. Hiyo ndiyo Kavata alikuwa ametaka, na aliipata yote.

Jumamosi wakaja wa Mbooni, malori mawili yamejaa, wamebeba blanketi mpya la kumfunika dada yao. Wakapata udongo, na kuku wakichakura juu yake. Hakuna aliyeketi. Hakuna aliyekunywa maji. Kaka mkubwa wa Kalunde alipiga magoti, akachukua udongo wa kaburi akafunga kwa kitambaa, akamwambia Jonah: "Tumechukua mtu wetu. Hii iliyobaki ni shimo lako." Jonah akilia anasema nilipeleka Alhamisi, nilipeleka Alhamisi. Wakamjibu, "Sisi tuna masikio. Msichana wa redio alisema Jumamosi mara mbili."

Na nyuma ya hayo malori lilikuwa lori la tatu. Lilitoka Emali, na aliyeliendesha ni Kitheka.

Kavata hakujua, na mimi sikujua, kwamba Kalunde alikuwa akienda soko la Emali kila wiki tangu Kitheka akiwa mdogo, akilelewa huko. Hakuwa na la kununua. Alikuwa anampelekea mahindi ya kuchemsha na maziwa ya mgando, anamketisha nyuma ya kibanda, anamwambia, "Kula, wewe ni wetu, wazee watakufa na ujinga wao." Ndiye alimpa picha ya pekee ya baba yake. Kitheka hakumwambia mama yake kwa sababu aliogopa angemkataza. Na redio ya lori lake haikuwa na stesheni nyingine, ni ya mama tu. Akasikia Jumamosi. Akaja na sufuria za kupikia watu, na suti aliyoazima.

Jumatatu akaingia ofisini. Hakusalimu. Akaniuliza mimi kwanza, "Mama Mwongeli, nionyeshe karatasi ya mzee."

Nikasema imetupwa. Nilimdanganya machoni.

Akamgeukia mama yake. "Mwaitu, ni wewe?"

"Nilimfanyia Jonah," Kavata akasema. "Unajua alichotufanyia? Nilimfanyia Jonah."

"Jonah alimzika bibi yake," Kitheka akasema. "Mimi ndiye sikuzika."

Akatoka. Tulidhani ameenda. Akarudi na redio ya lori, ameing'oa na nyaya zote zinaning'inia, akaiweka kwa meza ya mama yake juu ya karatasi. Akaenda. Ni miaka mitatu sasa. Akipita Kitui na mizigo hasimami. Na ile redio bado iko hapo mezani, wewe huifuta vumbi kila Ijumaa. Uliwahi kuuliza ni ya nini? Basi ndiyo hiyo.

Sasa tuje kwako.

Watu hawakujua Kavata, hawakunijua mimi. Walijua sauti. Ulipoenda soko la Tawa na mama mmoja akakutemea mate miguuni, nilikuosha viatu mwenyewe. Na Kyule wako wa Mbooni, yule kijana mpole, aliyekuwa tayari ameongea na wajomba zake akuoe, wakamwambia, "Hatuwezi kula meza moja na huo mdomo. Ulituzikia dada." Akakurudishia simu uliyomnunulia. Hukula siku nne. Ukaniuliza, "Mwaitu, ni mimi nilisoma vibaya?"

Nikakuambia hapana. Nikakuambia mzee Jonah ndiye alikosea siku, akaleta Jumamosi, halafu akakuangushia wewe lawama ili wakwe wasimle.

Hayo ndiyo niliyokuambia. Nikayasema nikikupa uji.

Na wewe ukakauka, ukaenda ukanunua daftari.

Najua anachokufundisha Kavata siku hizi. Hana mtoto wa kumwachia, amekupa funguo za studio. Nawasikia mkiwa ofisini. "Usiharakishe," anakuambia. "Kungoja ni kazi kama kazi nyingine. Jonah yuko kwa kitanda cha hospitali. Karatasi itakuja kwako." Anajua kwamba Jonah hakukukosea. Anajua! Lakini ameona unaweza kuichukua ile kiu akiwa bado hajafa, na anakumiminia. Juzi nimekuona umesimama kwa kile kioo, umesogeza pazia na kidole kimoja. Nilimwaga chai ya wageni.

Mwanangu, mimi sikuambii kisasi si kitamu. Ningekuwa naongopa. Nilimwona Kavata siku ile amefumba macho ulipotaja Jumamosi, na hakuna mtu nimewahi kumwona ameshiba vile. Ilimshibisha kama dakika mbili. Halafu ukasoma mstari wa chini. Na kila kisasi kina mstari wa chini, na mwenye kulipiza hafiki hapo, husimamisha msomaji katikati. Hilo ndilo nakuonya. Hujui nani mwingine ameandikwa kwa hiyo karatasi yako. Jonah ana wajukuu. Ana Kitheka, ambaye siku hizi humpeleka hospitali na lile lori. Ukisema hewani kwamba Jonah hakuacha mtoto, ni nani utakuwa umemwambia hayuko, kwa mara ya pili katika maisha yake?

Kwa hii bahasha nimekuwekea vitu viwili. Sikuitupa karatasi. Mtu anayetunza faili hatupi. Hii iliyokunjwa ndiyo ya mzee, kwa mkono wake, na muhuri wetu na tarehe. Angalia siku aliyoandika. Hii nyingine ni fomu yetu, ile uliyosoma. Angalia siku, halafu angalia mwandiko. Unaujua.

Nimeichukua daftari yako nikaandika jina langu ukurasa wa kwanza, juu ya jina la Jonah. Lake nimelikata. Kama ni lazima ulipe mtu, anza na huyo aliye juu. Ndiye aliyejua, ndiye aliyeandika, na ndiye aliyekudanganya ukiwa mgonjwa. Sitakimbia. Unajua ninakolala.

Wakati unasoma hii nitakuwa niko njiani. Naenda hospitalini nimwambie mzee Jonah kwa mdomo wangu mwenyewe, kama bado anasikia, na nimeomba Kitheka awe hapo. Kutoka hapo napanda Mbooni kwa kaka ya Kalunde. Najua watu wa Mbooni. Huenda wakaninyima hata jiwe la kukalia. Nitasema nikiwa nimesimama, kama alivyosimama Jonah.

Mwenye redio atauliza nani yuko kwa meza ya matangazo leo. Mwambie Mama Mwongeli ameenda kurekebisha tangazo.